Filamu ya Wafini: mtazamaji aelekezwe kuliangalia bombomu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na watafsiri wa filamu, wenye vibanda vya video na watazamaji wa huku Nyanda za Juu Kusini, kuhusu filamu ya vita ya Wafini, watu wa Finland, iitwayo Tuntematon sotilas, yaani Askari Asiyejulikana. Ni ile ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Aku Louhimies. Kutoka Mwanjelwa hadi Makambako inapita mkono kwa mkono kwenye flashi, na kila inapoonyeshwa malalamiko ni yale yale: steringi hajulikani, watu wanakufa ovyo, haieleweki wanatoka wapi wala wanakwenda wapi. Filamu haina kasoro hiyo. Watu wanapotezwa na tafsiri inayomsaka steringi ambaye mtunzi hakumweka. Mtazamaji akielekezwa tangu mwanzo aliangalie bombomu, yaani bunduki nzito ya kupiga risasi mfululizo, nani amelibeba, nani amebeba maji, nani amebeba risasi, saa zote tatu zitamkaa kichwani.

Askari tunaowafuata ni wa kombania ya bombomu. Katika jeshi la Finland la wakati ule, batalioni ya askari wa miguu ilikuwa na kombania tatu za bunduki na moja ya bombomu. Hiyo moja ilikuwa na mabombomu 12, platuni tatu zenye mabombomu manne manne, na mapigano yalipoanza kila platuni ilipelekwa kuisaidia kombania fulani ya bunduki. Hapo mafumbo mengi yanafumbuka. Koskela, kiongozi wa platuni ya bombomu, na vijana wake wanapigana siku zote katikati ya watu wa kombania nyingine. Kariluoto, yule ofisa kijana mwenye maneno makubwa ya uzalendo ambaye shambulio la kwanza linamgandisha, anaongoza askari wa bunduki, si wao. Lammio, mkuu wa kombania yao, anatokea kukaripia mambo ya saluti na nidhamu kisha haonekani kwa muda mrefu, kwa sababu platuni zake zimetawanyika. Mtafsiri anayewaita wote hao makomandoo amekwisha kuiharibu filamu kabla ya dakika ya kumi.

Hadithi yenyewe ilitungwa na mtu aliyeijua kazi hiyo. Väinö Linna alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Tampere, na vitani alitumikia kombania ya bombomu. Riwaya yake ilitoka mwaka 1954. Mwaka uliofuata Edvin Laine akaifanya filamu, Rauni Mollberg akarudia mwaka 1985, na hii ya 2017 ni ya tatu, iliyotolewa Finland ilipotimiza miaka 100 ya uhuru. Ile ya 1955 huonyeshwa kwenye televisheni yao kila tarehe 6 Desemba, sikukuu yao ya uhuru, siku tatu kabla ya sikukuu yetu.

Sasa tuliangalie bombomu lenyewe. Ni Maxim, silaha iliyobuniwa mwaka 1884, ambayo Wafini waliirithi kutoka jeshi la Urusi na kuifanyia marekebisho yao. Mtutu umefunikwa na koti la chuma linalojazwa maji, kama lita nne. Chini yake kuna kigoda cha miguu mitatu. Vyote viwili pamoja vinakaribia kilo 50, na mwendoni hutenganishwa: mmoja anabeba mwili wa silaha begani, mwingine anajitwisha kigoda mgongoni. Nyuma yao wanakuja wenye masanduku ya risasi. Mkanda mmoja wa kitambaa unachukua risasi 250, na silaha ina uwezo wa kurusha kama risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo mkanda mzima unakwisha chini ya nusu dakika ikiwa mpigaji hajizuii. Ndiyo maana anapiga kwa vipande, risasi chache chache, anaacha, anapiga tena. Mtazamaji asiyejua anadhani anaogopa. Yeye anahesabu mkanda, na anapoza mtutu.

Kuna sehemu nne ambapo mambo huharibika, na zote zinaeleza sura za watu tunazoziona. Ya kwanza ni maji. Risasi 500 au 600 zikipigwa mfululizo, maji kwenye koti yanaanza kuchemka. Mvuke unapaa na adui anajua mahali pa kuelekeza mizinga yake. Maji yakipungua bila kuongezwa, mtutu unaungua na risasi zinapotea njia. Ndiyo maana mtu wa maji hawezi kukaa mbali, hata pale ambapo kila mwenye akili timamu angependa kukaa mbali. Ya pili ni mkanda. Mkanda wa kitambaa ukilowa unavimba, risasi zinang'ang'ania ndani, silaha inakwama. Ukilowa kisha ukaganda kwa baridi, unakuwa mgumu kama ubao. Mlishaji analala upande wa kulia wa silaha, mkanda ameushika kwa mikono miwili, sawasawa na tundu unapoingilia, kwa sababu ukiinama kidogo tu unaingia mshazari na kila kitu kinasimama. Mtazame mlishaji katika filamu hii. Mikono yake inafanya kazi wakati uso wake umebanwa ardhini.

Ya tatu ni baridi. Hapa kwetu Makete na Kitulo tunaijua sakitu ya Juni na Julai inayounguza viazi usiku mmoja. Kule jeshi lilikaa kwenye digrii 30 chini ya sifuri, na kuna usiku zaidi ya hapo. Maji yakiganda ndani ya koti yanatanuka na kulipasua chuma, kwa hiyo huchanganywa na kitu kisichoganda upesi, au humwagwa silaha ikipumzika. Wafini waliongeza mfuniko mpana juu ya koti ili theluji isukumwe ndani moja kwa moja pale maji yanapokosekana. Mafuta ya kawaida nayo yanakuwa mazito kama gundi, sehemu zinazosogea zinashindwa kurudi, kwa hiyo silaha hupakwa mafuta mepesi na kidogo sana. Hatari nyingine wengi hawaifikirii: silaha iliyotoka nje ikiingizwa kwenye handaki lenye jiko la moto inatoa jasho, na ikirudishwa nje jasho lile linaganda ndani ya mashine. Silaha inaachwa nje kwenye baridi, binadamu anaingia ndani kuota moto. Wakati wa theluji huburutwa kwenye sleji ya mbao yenye umbo la mtumbwi, na huko nako kamba huwakata watu mabega.

Ya nne ni msitu, na hii watu wa Mafinga na Sao Hill wataielewa upesi kuliko watu wa pwani. Bombomu linaweza kufikisha risasi kilomita mbili. Katika msitu wa Karelia, eneo la mpakani mwa Finland na Urusi, wenye misonobari, vinamasi na maziwa kila upande, macho hayapiti makumi machache ya mita. Misonobari yetu imepandwa kwa mistari, mtu anaona mbali akisimama kwenye njia ya kuzuia moto. Kule miti imejiotea, chini kuna kuvu, maji na mawe. Kwa hiyo ile silaha nzito iliyotengenezwa kukaa nyuma na kufagia uwanja mpana inabidi ibebwe hadi mstari wa mbele kabisa, sambamba na wenye bunduki. Watu wawili wenye mzigo wa kilo zaidi ya 20 kila mmoja hawawezi kulala chini haraka wala kukimbia. Wanapigwa wao kwanza, na silaha ikianguka lazima mtu mwingine aende kuichukua. Hapo ndipo vifo vinavyoitwa vya ovyo vinapotokea, na kila kimoja kina sababu inayoonekana kwenye picha.

Mkoa wa Iringa una mfano wake wa silaha za namna hiyo. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, safu ya Wajerumani iliyoongozwa na Emil von Zelewski ilikuwa na bombomu na mizinga, lakini vimefungwa kama mizigo safarini. Wahehe walitoka majanini wakaifikia safu kabla vipande havijaungwa, na Zelewski akafa hapo hapo. Nguvu ya bombomu imo katika dakika zile za kulitua, kuliunga, kulijaza maji na kuuingiza mkanda. Filamu ya Wafini inazionyesha dakika hizo mara nyingi, na ndizo zinazorukwa kwenye vibanda kwa kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele, eti hakuna kinachotokea.

Nije kwenye historia, kwa sababu hapa tafsiri zinakosea vibaya. Wapo wanaosema ni filamu ya Vita vya Majira ya Baridi. Hapana. Vita hivyo vilianza tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti ulipoivamia Finland, vikaisha tarehe 13 Machi 1940, siku 105, na Finland ikapoteza eneo kubwa la Karelia. Filamu inaanza Juni 1941, katika vita vya pili. Finland inaingia sambamba na Ujerumani ya Hitler kurudisha ardhi iliyopotea, kisha jeshi linaupita mpaka wa zamani na kuingia ndani ya nchi ya wengine. Wapo askari wa kweli waliokataa kuuvuka mpaka ule. Oktoba 1941 wanauteka mji wa Petroskoi, halafu inafuata miaka zaidi ya miwili ya kukaa mahandakini kwenye mto Svir. Juni 1944 Wasovieti wanashambulia kwa nguvu zote, Wafini wanarudi nyuma, na mapema Septemba mapigano yanasitishwa. Katika vita hivyo vya pili walikufa Wafini wapatao 63,000, nchi yenyewe ikiwa na watu chini ya milioni nne. Zaidi ya watu 400,000 wa Karelia waliachia nyumba na mashamba yao moja kwa moja.

Mtafsiri asiwaite Wafini Wajerumani, wala asiwafanye malaika. Walipigana upande mmoja na Ujerumani, na Uingereza ilitangaza vita dhidi yao tarehe 6 Desemba 1941, wakati Tanganyika iko chini ya Uingereza na vijana wetu wamo King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Huko Petroskoi utawala wa Wafini uliwafungia raia Warusi kwenye makambi, na maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, hasa mwaka 1942. Filamu inabaki na askari tu, makambi hayo haiyapi nafasi. Sentensi mbili za mtafsiri kabla ya picha kuanza zinatosha, na ni haki zisemwe.

Kati ya watu wote, Rokka ndiye anayedhaniwa steringi, na ninaelewa kwa nini. Ni mkulima wa Kannas, ile shingo ya nchi kati ya ghuba ya Finland na ziwa Ladoga, ana mke na watoto, alikwisha pigana vita vya kwanza na shamba lake likachukuliwa. Ana shabaha, haogopi, na bunduki yake rashasha ya Suomi, iliyobuniwa na Aimo Lahti, yenye magazini ya duara ya risasi 70, inaleta kelele ambayo vibanda vinaipenda. Lakini tazama anafanya nini nayo. Katika pambano la theluji anakwenda ubavuni mwa safu ya adui, anasubiri wamkaribie, ndipo anapiga. Angesimama mbele yao angekufa kama wengine. Ni hesabu ya mkulima mwenye watoto nyumbani. Filamu ya 2017 inatupeleka hadi shambani kwake, kwa mkewe Lyyti, na vipande hivyo visikatwe, kwa sababu bila hivyo ugomvi wake na Lammio unaonekana ukaidi mtupu.

Ugomvi huo una kipande kimoja ambacho mtafsiri anapaswa kukitulia. Wakati wa mahandaki, siku ambazo mapigano ni machache, Lammio anaamuru askari wapange mawe ya mapambo kando ya njia za kambi. Rokka anakataa. Anatishiwa mahakama ya kijeshi. Wakati shauri hilo liko juu yake, anamkamata ofisa wa adui akiwa zamu handakini. Wengi hupiga kelele pale anapomkamata ofisa na kuyapita mawe bila neno. Yaelezwe mawe. Mwanaume aliyelala miezi ndani ya shimo la magogo, anayejua kazi yake kuliko mkubwa wake, anaambiwa apange kokoto. Kila aliyewahi kufanya kibarua chini ya msimamizi wa namna hiyo ataelewa bila kuongezewa.

Hietanen, askari wa platuni ya Koskela, naye apewe haki yake. Kifaru kinapokuja, anatambaa na bomu la kutegwa ardhini, bomu linalohitaji uzito wa kifaru ili lilipuke, kwa hiyo halina faida likirushwa popote. Lazima liwe chini ya mnyororo. Anapaswa kukikaribia mno, alisukumize mahali pake na kujificha kwa sekunde anazojua ni chache. Koskela baadaye anatumia kifurushi cha baruti kilichofungwa pamoja chenye mpini, ambacho kinarushwa kwa mkono na kutaka ukaribu ule ule, na kinamgharimu maisha. Mtafsiri anayesema "amekirushia bomu la mkono kikalipuka" anawaambia watu uongo, maana bomu la mkono la kawaida halikifanyi kitu kifaru.

Kuhusu sauti. Watayarishaji wa filamu hii waliingia kwenye rekodi za Guinness kwa mlipuko mmoja wa zaidi ya kilo 70 za baruti ya TNT mbele ya kamera. Milipuko ya namna hiyo ikikutana na maikrofoni iliyofunguliwa hadi mwisho, spika za kibanda zinakoroma na maneno ya mtafsiri hayasikiki. Sauti ya filamu ishushwe kwanza hadi theluthi moja, mtafsiri aseme kabla ya shambulio, anyamaze wakati wa shambulio, aseme tena moshi ukitulia. Bombomu lina mdundo wake, na ukikatika ghafla mtazamaji anapaswa kuusikia umekatika, kwa sababu maana yake ni mkanda umekwama, maji yameisha au mpigaji amepigwa. Majina ni rahisi kwetu, mengi yanaishia na irabu: Rokka, Koskela, Lammio, Kariluoto. Yaandikwe kwenye karatasi na kazi ya kila mtu kabla ya kuwasha mashine, na filamu itazamwe yote angalau mara moja bila kutafsiri. Askari hawa kila mmoja anasema kwa lafudhi ya kwao, lakini nawasihi wenzangu wasimpe mmoja Kiswahili cha kuigiza Wanyakyusa na mwingine cha Wahehe. Kibanda kitacheka makabila, na mtu aliyekuwa anakufa kwenye picha atasahaulika.

Sehemu ambayo kazi yote hii inalipa iko katika mafungo ya 1944. Wamezingirwa, majeruhi ni wengi, Koskela anaamuru mabombomu yazamishwe kwenye kidimbwi cha kinamasi. Tafsiri zinasema wamekata tamaa, wanatupa silaha, wanasalimu amri. Si hivyo. Machela moja katika msitu wa kinamasi inataka watu wanne. Bombomu moja na masanduku yake linachukua watu wasiopungua idadi hiyo. Watu waliobaki hawatoshi kubeba vyote viwili, na Koskela amechagua majeruhi. Halafu haziachwi juu ya ardhi, kwa sababu silaha zile na za Wasovieti hutumia risasi za kipimo kimoja, milimita 7.62, na adui angezigeuza siku hiyo hiyo. Mtazamaji aliyezifuata silaha hizo tangu 1941, anayejua uzito wake, maji yake na nani alikufa akizibeba, hahitaji mtafsiri aongeze hata neno hapo.

Mwisho, wenye vibanda waangalie urefu wa nakala kabla ya kuuza tiketi. Kamili ina dakika 180. Kuna iliyofupishwa kwa soko la nje, ya saa mbili na dakika chache, na humo watu wanatokea na kupotea bila kutambulishwa, kwa hiyo mtafsiri awatambulishe mwenyewe. Kuna pia iliyogawanywa sehemu tano za televisheni, ambayo kwa vibanda vinavyoonyesha kila jioni ndiyo inayofaa zaidi. Kwa ile ya saa tatu, mahali pa kusimama watu wapate chai ni baada ya kutekwa kwa Petroskoi, kabla ya mahandaki kuanza. Ikatwe hapo, irudishwe hapo hapo, na ratiba ya mpira wa usiku isogezwe nusu saa.

Wako,
Mtafsiri wa filamu,
Mwanjelwa, Mbeya